Kumshauri Tineja wa Familia ya Jeshi Anayetumia Dawa za Kulevya: Mwongozo wa Mshauri na Mzazi wa Mombasa

Mtoto wa mwanajeshi huzoezwa kunyamaza mapema. Huambiwa asitaje shuleni baba yuko wapi, meli yao itarudi lini, wala kikosi kimeondoka na watu wangapi, na anayemwambia hivyo hana kosa, kwa kuwa maneno yaliyotoka ovyo yaweza kumponza mtu aliye kazini. Tatizo huanza pale mazoea hayo yanapotoka kwenye mambo ya kazi na kuingia kwenye mambo ya nyumbani: mama anamficha baba aliye Somalia kwamba mwanawe amefukuzwa shule, dada mkubwa anamfichia mdogo wake fungu la muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, chini ya godoro, na kijana mwenyewe anashika kwamba katika nyumba hii mtu mwema ni yule asiyesema. Katika miaka niliyoshauri vijana wa Likoni, Mtongwe na Nyali, karibu kila mara nimeona kuwa dawa yenyewe ilijulikana upesi kuliko kimya kilichoizunguka. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikiwa mshauri nasaha, mwalimu wa ushauri shuleni na mzazi aliyebaki nyumbani, umeipa siri nafasi kubwa kuliko inavyopewa darasani.

Hatua ya kwanza: chora kalenda ya nyumba

Kabla ya kuuliza lolote kuhusu dawa, chukua karatasi, uchore pamoja na kijana mstari mmoja wa miaka mitatu iliyopita. Tieni alama pale mzazi alipoondoka, aliporudi, walipohama nyumba na alipobadilisha shule. Jeshi la Wanamaji lina makao yake Mtongwe, lakini anayehudumu hapo leo huenda mwaka jana alikuwa Manda, na yule wa kambi ya Nyali au Mariakani huenda ametoka Gilgil, Nanyuki au Isiolo. Tangu vikosi vya Kenya vilipovuka mpaka na kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, watoto wengi wamehesabu umri wao kwa safari za baba, na wengine kwa safari za mama. Mstari ukishakamilika, mwombe aweke nukta mahali alipovuta, alipotafuna au alipokunywa kwa mara ya kwanza, kisha mahali matumizi yalipozidi. Usitoe maelezo. Mwache atazame karatasi mwenyewe, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusema kwamba nukta zimerundikana mahali pamoja.

Madaktari wa jeshi la Marekani walioandika juu ya jambo hili mwaka 2001 waligawa safari ya mwanajeshi katika vipindi vitano: siku za kujitayarisha kuondoka, mwezi wa kwanza wa kuondoka, kipindi kirefu cha katikati ambacho nyumba huzoea kuishi bila yeye, mwezi wa mwisho wa kumngojea, na miezi ya baada ya kurudi. Mgawanyo huo unatufaa hapa pia kwa jambo moja: unakumbusha kwamba kurudi kwa mzazi ni kipindi cha misukosuko kama kuondoka kwake, jambo ambalo jamaa wengi hawalitarajii.

Ikiwa mzazi hakurudi, mstari huu unataka uangalifu zaidi. Mwezi wa Januari, ambao redio na magazeti hukumbuka El Adde, tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow, tarehe 27 Januari 2017, kambi mbili za Somalia ambako wanajeshi wa Kenya waliuawa, huwa mzito hata kwa kijana ambaye baba yake alifia mahali pengine kabisa. Panga vikao viwili katika mwezi huo hata kama kijana anaendelea vizuri.

Hatua ya pili: kubalianeni kuhusu siri kabla ya swali la kwanza

Kijana wa kambini huingia ofisini na hofu tatu ambazo hatazitaja. Anaogopa kwamba akisema ukweli baba atanyimwa cheo au safari, kwamba familia itatolewa katika nyumba ya serikali, na kwamba polisi watajua. Usimngoje aulize. Zitaje wewe, moja moja, na useme wazi mipaka ya siri yako kwa maneno anayoweza kuyarudia nyumbani. Mimi husema hivi:

“Mwanangu, utakayoniambia juu ya unachotumia, unaokaa nao na unavyojisikia yatabaki baina yetu. Mambo matatu siwezi kuyafungia mlango: ukiniambia unataka kujiua au kumdhuru mtu, ukiniambia kuna mtu anayekupiga au kukuingilia, na ukiwa katika hali ambayo bila daktari waweza kufa. Hata hapo nitakwambia wewe kwanza, kabla sijamwambia mwingine.”

Maneno hayo hayo uyaseme tena mbele ya mama, kijana akiwepo na akisikia, kwani mama asipoambiwa mapema atakupigia simu usiku wa kikao cha kwanza akitaka habari, na ukimjibu hata neno moja umekwisha.

Sheria ziko upande wako, ila zinataka uzijue. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inataka maslahi yake yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, lakini imewaachia nafasi wale ambao kazi yao ni kutoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto peke yake. Pamoja na hayo, mimi huomba idhini ya mzazi kila inapowezekana, kwa kuwa kazi ya siri mbili, moja ya kijana na nyingine ya mshauri, huchosha.

Katika daftari lako usiandike namba ya jeshi ya mzazi, jina la kikosi, wala mahali alipotumwa. Hayo hayamsaidii kijana hata kidogo, na daftari likipotea utakuwa umemponza mtu aliye mbali. Ikiwa wewe mwenyewe umeajiriwa na jeshi, uwe padre, imamu wa kambi au mhudumu wa zahanati, mwambie kijana waziwazi unaripoti kwa nani na unaripoti nini. Akiamua kwamba angependa kumwona mtu wa nje, mpeleke bila kinyongo.

Mahali pa kukutania nako ni sehemu ya siri. Mgeni anayeingia kambini huandikwa langoni, na kijana anayeonekana akiingia chumba fulani saa tisa hujulikana kambi nzima kabla ya magharibi. Ni afadhali mkutane ng'ambo, kisiwani, mahali penye shughuli nyingine nyingi. Anayetembea kwa miguu halipi kitu kuvuka feri ya Likoni, kwa hiyo nauli si kisingizio kikubwa, ingawa feri yenyewe ina desturi zake: kijana akichelewa nusu saa, kabla ya kumwona mkaidi, uliza kama vyombo vyote vilikuwa vikifanya kazi siku hiyo.

Hatua ya tatu: jua anachotumia kwa jina lake la mtaani

Ziko orodha za maswali zilizotengenezwa kwa ajili ya vijana, na ile iitwayo CRAFFT, iliyotoka Boston, ni fupi na inafaa. Ina maswali sita: je, umewahi kupanda gari lililoendeshwa na mtu aliyelewa, au wewe mwenyewe ukiwa umelewa (hapa kwetu ongeza bodaboda na tuktuk), je, hutumia ili utulie au ujisikie sawa na wenzako, je, hutumia ukiwa peke yako, je, husahau mambo uliyofanya ukiwa umetumia, je, jamaa au marafiki wamekwambia upunguze, je, umewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo? Akijibu ndiyo mara mbili au zaidi, anastahili uchunguzi wa kina. Yaulize kwa sauti ya mazungumzo, si kama mtu anayejaza fomu ya benki.

Kisha uliza majina. Muguka ndio rahisi kuliko vyote; serikali ya kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku mwezi Mei 2024, mahakama ikasimamisha marufuku hiyo, na vibanda vikaendelea. Vijana huutafuna na Big G na njugu ili kuondoa uchungu wake. Bangi hujulikana na wote. Kuba, ile tumbaku ya kuweka chini ya mdomo, huonekana jambo dogo na hivyo haitajwi mpaka uulize. Mnazi hupatikana mangweni. Bugizi ni vidonge vya usingizi na wasiwasi, na unga ni heroini, inayouzwa kwa kete. Kijana asiyekubali kwamba anatumia unga anaweza kukubali kwamba msokoto wake wa bangi “huwa na kitu ndani”, basi uliza hivyo hivyo.

Hatua ya nne: jua wakati wa kutangulia hospitali

Hapa mshauri hana budi kuwa mnyenyekevu. Kijana anayekunywa pombe kila siku, au anayemeza bugizi kila siku, asiambiwe aache ghafla, kwani kuacha ghafla kwaweza kumletea degedege na hata kifo. Anatakiwa apunguziwe na daktari. Anayetumia unga ataanza kuumwa arosto, yaani mateso ya mwili unaoidai dawa, saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, itapanda siku ya pili au ya tatu, na itapoa kwa kiasi ndani ya wiki. Arosto humtesa sana, ingawa mara chache humwua mwenye afya; hatari kubwa ni pale anaporudi kwenye unga baada ya siku kadhaa za kuacha, akatumia kiasi kile kile cha zamani ilhali mwili hauwezi tena kukistahimili.

Ukimkuta mtu mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, midomo imegeuka rangi na pumzi zinakuja kwa nadra, mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Usimpe maziwa, usimmwagie maji, usimwache alale “ili imtoke”. Hospitali zina dawa ya naloksoni inayoweza kumzindua, lakini lazima afike.

Kwa rufaa, Hospitali Kuu ya Pwani iliyo kisiwani na Port Reitz yenye huduma za magonjwa ya akili ndizo za kwanza kufikiria. Methadoni ilianza kutolewa nchini katika hospitali ya Mathari mwezi Desemba 2014 na ikafika Pwani mwaka uliofuata. MEWA, shirika la Kiislamu la elimu na ustawi, nao wamefanya kazi ya uraibu mjini hapa kwa miaka mingi. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na ya watoto ni 116. Hizo mbili mwandikie kijana kwenye kadi yake mwenyewe, kwa mkono wako.

Hatua ya tano: zungumza naye, usimwamrishe

Kosa ninalotaka usilirudie nililifanya mimi. Kijana wa miaka 16, wa kidato cha tatu, aliletwa na mama yake kwa sababu ya muguka. (Baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha asitambulike.) Ncha za vidole vyake zilikuwa na rangi ya majani, taya ilikuwa ikienda ingawa mdomoni hamkuwa na kitu, na mguu wake ulitikisika chini ya meza mpaka maji ya gilasi yakawa yanacheza. Nilimweleza juu ya meno, juu ya tumbo, juu ya usingizi. Kila nilipomaliza jambo alijibu, “Ndiyo, mwalimu,” mgongo wima, macho mbele. Nilidhani nimefaulu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akinijibu kama anavyojibiwa afande, na kwamba katika nyumba yao “ndiyo” ni njia ya kumaliza mazungumzo.

Kikao cha pili nilianza kwa swali tofauti: muguka unakufanyia nini?

“Unanikesha.”

“Unakesha ufanye nini?”

Alikaa kimya muda mrefu. “Nangoja.”

Baba yake hupiga simu anapopata mtandao, na mara nyingine huwa ni saa nane za usiku. Usiku mmoja simu ililia kijana akiwa amelala, haikupokelewa, na ilipita siku tisa bila simu nyingine. Katika siku hizo tisa nyumbani hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hawakuwa na mazoea ya kusema. Tangu hapo akawa halali usiku. Alfajiri, usingizi ukikataa kuja, alikuwa akivuta bangi ili mwili ulegee.

Swali la aina hiyo, lisilojibika kwa ndiyo wala siyo, ndilo msingi wa mbinu ya mahojiano ya kuhamasisha. Uliza swali lililo wazi. Rudisha ulichosikia kwa maneno yako ili akusahihishe. Taja jambo alilolifanya vyema, la kweli, si la kumbembeleza. Kila baada ya muda kusanya mliyosema. Kisha mwulize, kutoka 0 hadi 10, anaona kuna umuhimu gani wa kupunguza. Akisema 4, usimwulize kwa nini si 8. Mwulize kwa nini si 1, ili sababu za kubadilika zitoke kinywani mwake yeye. Kijana aliyekulia kwenye amri hushangaa sana kuona mtu mzima anangoja jibu lake, na mshangao huo ni nusu ya kazi.

Hatua ya sita: mpango wa wiki mbili

Usipange mwaka. Panga siku kumi na nne, kwa jambo moja au mawili. Kwa kijana yule, mpango wa kwanza haukutaja muguka kabisa. Simu ilihamia kitandani kwa mama, mlio ukawekwa juu, na mama akaahidi kumwamsha kila baba atakapopiga, iwe saa ngapi. Baba naye akaombwa atume ujumbe mfupi kila anapoweza, hata neno moja. Muguka ulipungua wenyewe katika wiki ya pili. Bangi haikupungua, na tuliendelea nayo miezi mitano.

Waambie kijana na mama mapema yatakayokuja. Anayeacha muguka hulala sana, huchoka, huhuzunika na huota ndoto mbaya kwa siku kadhaa. Anayeacha bangi baada ya kuizoea huwa na hasira, hukosa usingizi na hamu ya chakula. Hali hiyo huanza siku moja au mbili baada ya kuacha, huzidi katika wiki ya kwanza na yaweza kuendelea wiki mbili au zaidi. Mama asiyejua haya huona hasira na kudhani mtoto amerudia.

Taja pia maskani, yaani kijiwe anachokaa na wenzake, na saa zake. Nani hukaa pale, Ijumaa jioni au baada ya mpira? Ataambiwa nini asipotokea, naye atajibu nini? Jibu lifanyieni mazoezi kwa sauti, kwa lugha yake ya mtaani, mpaka lisikike kama lake.

Hatua ya saba: mzazi aliyebaki, na yule wa mbali

Mama wa kambini mara nyingi yuko mbali na kwao, hana shangazi wala mjomba wa kumwachia mtoto siku mbili, na majirani zake ni wake za wakubwa au wadogo wa mumewe. Kumlaumu ni kumfunga mdomo. Mpe kazi chache zilizo wazi: pesa za matumizi zipitie kwake badala ya kutumwa na baba moja kwa moja kwenye simu ya kijana, kwani baba mwenye uchungu wa kuwa mbali hutuma pesa nyingi kuliko zinazofaa, chakula cha usiku kiliwe pamoja, vipimo vya mkojo visifanywe kwa kushtukiza. Juu ya vipimo nisisitize: aliyekuwa akivuta bangi sana aweza kuonekana nayo katika mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo kipimo peke yake hakimthibitishi kuwa mwongo.

Adhabu za kijeshi zikomeshwe kabisa. Kumkimbiza juani, kumnyoa kwa nguvu, au kuwaomba vijana wa baba yake “wamnyooshe” humfundisha kitu kimoja tu, nacho ni kuficha vizuri zaidi.

Je, baba aliye mstari wa mbele aambiwe? Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Maoni yangu ni kwamba aambiwe, lakini si lote, si kwa ghafla, na si bila kijana kujua. Kumficha kabisa hufanya nyumba nzima iwe na uongo wa kuulinda, na atakaporudi atauvunja kwa siku moja, kwa kishindo. Mwandikieni pamoja, mama, kijana na mshauri, maneno machache: mtoto amepata tatizo, analishughulikia, kuna mtu anayemsaidia, na tunachoomba kwako sasa ni kumwuliza habari za shule na za mpira. Saa ya kusemwa hayo ichaguliwe na mama, anayejua sauti ya mumewe.

Anaporudi, mwombe asishike usukani wiki ya kwanza. Kijana amekuwa baba wa nyumba mwaka mzima. Akinyang'anywa funguo siku ya kwanza, ataondoka usiku kwenda maskani. Naye baba mwenyewe aweza kuwa amerudi na usingizi mbovu na chupa. Hapo mshughulikie kama mgonjwa mwingine, kwa mshauri mwingine.

Hatua ya nane: akirudia

Wengi hurudia. Uliza kilichotangulia saa 24 kabla, rudi kwenye kalenda ya hatua ya kwanza, uongeze nukta. Usimwondoe katika vikao kama adhabu.

Hatua ya tisa: barua ya uhamisho ikija

Barua hii huja, na mara nyingi huja mambo yakiwa yameanza kutengemaa. Usikubali kijana aondoke na ahadi ya kwamba “utapata mtu huko”. Tafuta mshauri wa mji wanakohamia kabla sanduku la kwanza halijafungwa, mwombe kijana idhini ya maandishi ya kupeleka taarifa, na mwachie yeye aamue ni ipi ipelekwe na ipi ibaki Mombasa. Kisha, katika kikao cha mwisho, mpigie simu mshauri mpya kijana akiwa ameketi mbele yako, weka spika, umtambulishe kwa jina analopenda kuitwa, utoke nje, uwaache waongee.